Kaburi la Nguo

Hong Kong, 12 Novemba 1955

Baba mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Najua tulikubaliana nisiandike ila kwa jambo la kufa na kupona. Miaka minne nimeishika ahadi hiyo. Sasa jambo lenyewe limenifikia, na nina hofu, wala sina mwingine wa kumwambia kwa sababu wewe peke yako huko Shanghai ndiye unayejua kwamba niko hai.

Mzee Kuang anasema ataiweka barua hii chini ya gunia la maganda ya machenza analoleta kwenye duka lako la dawa. Wewe ukishasoma, ichome.

Nina kazi. Kampuni moja hapa inatengeneza filamu za Kimandarini, na waigizaji wake wengi ni watu wa Guangdong. Mwigizaji wetu mkuu wa kike ni mzuri wa sura mpaka watu wa taa wanasahau taa, lakini akifungua mdomo kusema Kimandarini unadhani anatafuna karanga. Basi mimi nakaa kwenye chumba cha sauti, natazama midomo yake ikienda ukutani, nasema badala yake. Jina langu haliandikwi popote. Niliikubali kwa sababu hiyo. Kazi isiyo na jina wala uso niliona inamfaa mtu aliyekwisha kuzikwa.

Filamu ya safari hii imetolewa kwenye kisa cha zamani cha Wafaransa. Mwongozaji, Bwana Gu, ameihamishia Tianjin ya zamani na kumvika kila mtu kanzu ya hariri. Kuna mwanamke anayeishi kwa fedha za wanaume, anampenda kijana wa watu, wanakwenda kukaa shamba. Siku moja baba wa kijana anakuja kwa siri, mwanawe hayupo, anamwambia: ukimpenda kweli, mwache. Anaacha, anakufa kwa ugonjwa wa kifua, na kijana anajua ukweli baada ya maziko.

Nilipofika kwenye onyesho la baba yule, nilisema maneno ya mwanamke mara moja tu na Bwana Gu akapiga makofi. "Suyun, umelia kwenye sauti bila kulia usoni. Ulijifunzia wapi?" Nikamwambia nilijifunza redioni. Mwandishi amempa mzee wa filamu dakika tisa za kusihi. Wewe uliniandikia mistari saba kuniomba niitwe marehemu, na nilikubali.

Ninachokiogopa ni hiki. Jana tumeambiwa kwamba wanunuzi kutoka Shanghai wameichagua. Wanasema inaonyesha uozo wa dunia ya zamani, watu wapya waione. Baba, itaonyeshwa huko. Sauti yangu unaijua wewe, na anaijua kila aliyekuwa na redio katika kichochoro chetu. Mama Shao alikuwa akileta kigoda chake chini ya dirisha letu kila saa nane mchana, nikisoma hadithi redioni. Niambie nifanye nini.

Mkweo,
Tan Suyun


Shanghai, 3 Desemba 1955

Suyun,

Barua imefika ikinuka machenza. Nimeisoma mara mbili nyuma ya kabati la dawa, kisha nikaichoma.

Umefanya nini, mwanangu? Katika kazi zote za dunia ukaenda kuchagua ya kusema?

Nikukumbushe hali ilivyo, maana huko kwenu labda mtu husahau. Ulipokwenda Hong Kong na yule mwenye kituo cha redio ulichokisomea hadithi, ulisema ni miezi mitatu, utamwita mumeo Wenbin na mtoto. Kisha mpaka wa nchi ukafungwa. Mwenye redio akatajwa kuwa adui. Kila mwenye ndugu kwake akaanza kuitwa na kuulizwa. Mimi mwenyewe nilikwenda mbele ya kamati ya mtaa nikaapa kwamba mke wa mwanangu alikufa Guangzhou kwa homa, njiani. Nilitia kidole gumba. Mama Shao, aliyeandika maneno yangu, sasa ndiye mkuu wa kamati, na kigoda chake bado anacho.

Hatukuwa na maiti, basi tulizika nguo zako, kama inavyofanywa kwa waliopotea mbali. Kanzu mbili, viatu vya kitambaa, na lile koti lako la kijani la pamba uliloliacha ukisema litakufuata kwa meli. Wenbin alilikunja mwenyewe, na hakujua kwamba anakunja koti la mtu aliye hai. Kila Qingming, siku ya kuzuru wafu, anapanda kilimani kufagia kaburi la koti.

Leo yeye ni mwalimu mwenye kusifiwa. Kiangazi kijacho amekusudia kumwoa Mwalimu Qiu, mwanamke mpole, hana makuu. Mtoto wenu Xiaoman atataka kuingia sekondari miaka michache ijayo. Ikijulikana uko hai, mimi nitakwenda jela kwa kiapo cha uongo, na hilo si kitu, nina miaka sitini na nane. Lakini Wenbin ataulizwa miaka yote hii alikuwa akimficha nani, na nani atamwamini akisema hakujua? Mtoto atabaki na nani?

Acha kazi hiyo. Jifanye mgonjwa. Haribu sauti.

Pei Songnian


Hong Kong, 9 Januari 1956

Baba mheshimiwa,

Nimejaribu kuiharibu. Nilikunywa siki, nikashinda na njaa, nikaingia chumbani na sauti ya bibi muuza mkaa. Bwana Gu akasimamisha mashine. "Umemeza chura? Mtoe, turudie." Tukarudia mara kumi na moja. Nikaendelea na sauti ile ya chini, nikasema ni mafua. Haikuwa uongo mtupu. Studio yetu ni banda la bati kando ya kilima, na Januari hii upepo unapita kila tundu. Nimepanga magazeti chini ya blauzi, nikigeuka nasikika nikichakarika, fundi wa sauti anaguna, natoa magazeti, natetemeka. Nusu ya mwisho ya filamu mwanamke yule anatetemeka vizuri sana. Bwana Gu anadhani ni sanaa.

Nilitaka kuacha kabisa. Akaniambia nikiacha ataandika gazetini kwamba Tan Suyun, msomaji mashuhuri wa redio ya Shanghai, ameivunja kampuni moyo. Alikuwa anatania. Nilirudi kukaa haraka mpaka akashangaa.

Sasa nikuambie baya lenyewe, maana siwezi kulibeba peke yangu. Kuna mahali mwanamke, akiwa tayari mgonjwa, anamchana nywele mtoto wa mtumishi. Ametugeuzia mgongo, midomo haionekani. Hayakuandikwa maneno. Bwana Gu akasema, "Sema chochote cha kumbembeleza mtoto, usiniletee mashairi." Niliangalia ule mkono na kile kichana, nikasahau niko wapi. Nikasema nilichokuwa nikimwambia Xiaoman kila asubuhi: "Fundo la kwanza la paka, la pili la panya, la tatu la mama, halivuti."

Nilipojisikia, nilikwisha kusema. Niliomba tufute. Bwana Gu akacheka, akasema hicho ndicho kitu pekee katika filamu nzima kisichonuka gundi. Tena akaongeza kwamba kwa mauti ya mwisho atatumia sauti niliyoirekodi Oktoba, siku ya majaribio, kabla ya mafua yangu. Sauti yangu safi, Baba. Mikanda imekwisha kufungwa kwenye makopo.

Alikuwa na miaka minne nilipoondoka. Mtoto wa miaka minne anakumbuka nini? Niambie hakumbuki chochote. Nitakuamini.

Mkweo,
Suyun


Shanghai, 20 Februari 1956

Suyun,

Hakumbuki chochote. Juzi nilimuuliza kwa mzunguko kama anaikumbuka sauti ya mama yake, akasema hapana, akaendelea kumenya maharage. Ni mtoto mkimya. Nywele anachana mwenyewe, hataki mtu amguse kichwa. Sijui kwa nini ninakuandikia hilo.

Mabango yamebandikwa. Mwanamke wako ana ua la plastiki sikioni na macho ya kutaka kulala. Nilipanga siku hiyo niwe mgonjwa, wao wabaki kuniuguza. Lakini jana Wenbin amerudi na tiketi nne. Shule imewagawia walimu wote na familia zao, Jumapili ya tarehe 25 Machi, saa nane mchana, na baada ya hapo kutakuwa na mkutano wa kuzungumzia mafunzo ya filamu. Kutokwenda ni kuulizwa kwa nini hukwenda.

Tiketi ya nne alikuwa ameiombea Mwalimu Qiu, naye ana zamu siku hiyo. Wenbin akampa Mama Shao.

Mama Shao ameipokea kwa mikono miwili. Amesimama mlangoni kwangu akiipepea. "Mzee Pei, tangu marehemu mkweo anyamaze sijasikia hadithi ya kuniliza. Huyo Mfaransa ataweza?" Nikasema Wafaransa wanaweza. Nikashika fremu ya mlango mpaka akaondoka.

Songnian


Hong Kong, 11 Machi 1956

Baba,

Barua yako Mzee Kuang ameileta leo, na anaondoka leo hii, kwa hiyo naandika nimesimama. Xiaoman asiende. Mpe kitu cha kumwumiza tumbo, wewe ni mtu wa madawa, unajua kisichodhuru. Wenbin nitamvumilia, Mama Shao nitamvumilia. Mtoto asiisikie sauti yangu ikifa.

S.


Shanghai, 8 Aprili 1956

Suyun,

Barua yako imenifikia tarehe 29. Filamu tuliiona tarehe 25. Tulia, nitakueleza yote kwa mpango, maana mimi mwenyewe bado sijatulia.

Tulikaa safu ya kumi na mbili. Mimi, Xiaoman, Wenbin. Mama Shao nyuma yangu hasa, namsikia akitafuna mbegu za tikiti. Taa zikazimwa. Suyun, nilijiandaa miezi mitatu, na ulipofungua mdomo nikawa kama sikujiandaa hata siku moja. Ulisema tu, "Mlango uko wazi, ingieni." Mama Shao akaacha kutafuna.

Baada ya muda akanigusa bega. "Mzee Pei. Sauti hii nimeisikia wapi?"

"Waigizaji wote wanasema hivyohivyo."

"Wapi bwana. Hii nimeililia machozi mwaka mzima."

Nikaomba usiku uingie, ngurumo zipige, mashine iungue. Haikuungua. Akaja baba wa kijana, na kofia yake, na maneno yake mengi. Sikuinua macho. Niliangalia viatu vyangu dakika zote tisa. Nataka ujue hilo.

Katikati ya filamu ukawa na mafua kweli, sauti ikashuka, Mama Shao akanung'unika kwamba labda amekosea. Nikaanza kupumua. Ndipo kikaja kile kichana. Ulisema la paka, ukasema la panya. Xiaoman alikuwa ameegemea kiti, akakaa wima. Ulipofika la mama, alishika mkono wangu kwa kucha. Alama ninazo. Sikumtazama, niliogopa Mama Shao ataona namtazama.

Halafu mwisho. Kitanda, pazia, na ile sauti yako ya Oktoba. Safi, kama ilivyotoka kwenye dirisha letu. Nikamsikia Mama Shao akivuta kiti mbele, nikasikia pumzi yake shingoni kwangu, na nikajua kwamba ukisema sentensi tatu zaidi tumekwisha sote.

Mtoto akaanza kulia. Si kulia kwa watoto wanaosikitikia filamu. Alipaza sauti, Suyun, alipiga mayowe, akafunika kila neno ulilosema. Watu wakageuka. Mama Shao akasema, "Mtoeni huyo mtoto, wengine tunataka kusikia!" Nikamwinua. Hakutaka kuinuka. Akashikilia kiti akaendelea kupiga mayowe mpaka mwanamke wa filamu akafunikwa shuka na muziki ukaja. Kisha akanifuata mwenyewe nje.

Tulipovuka mlango wa ukumbi alinyamaza mara moja. Nikatoa leso nimfute, uso ulikuwa mkavu. Nikadhani ni mshtuko. Mimi ni mzee mjinga, nilidhani hivyo kwa siku kumi na moja.

Watu walipotoka, Mama Shao alikuja moja kwa moja kwa Wenbin. Alimwuliza waziwazi: "Mwalimu, wewe hukusikia kitu? Ile si sauti ya marehemu mkeo?" Wenbin alikuwa ameshika kofia mbele ya kifua. Akasema, "Marehemu alikuwa na sauti nyembamba zaidi." Akamwomba radhi kwa kelele za mtoto.

Sauti yako haijawahi kuwa nyembamba. Yeye anajua, na anajua kwamba mimi najua. Tangu siku hiyo hajaniuliza neno, wala mimi sijamwambia. Tunakula tukiangalia mabakuli. Juzi amemwambia Mwalimu Qiu wasubiri mwaka mwingine, hakutoa sababu.

Mama Shao amekwenda kuiona mara ya pili, peke yake, kwa fedha zake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Zamani hakuna siku aliyopita bila kuomba chumvi au kuleta umbea. Sasa ni siku tisa, hajabisha hodi. Akinipita kichochoroni ananisalimia kwa adabu sana. Afadhali angenitukana.

Ilipofika Qingming, tarehe 5, tukapanda kilimani kama kila mwaka. Nilimsihi Wenbin twende mapema, tufagie, tushuke. Alikwenda kuchota maji bondeni. Xiaoman aling'oa magugu, akapanga vile vitumbua vya kijani vya sadaka, akainama mara tatu vizuri kama anavyofundishwa, maana kulikuwa na watu kwenye makaburi ya jirani. Kisha akachuchumaa akawa anasafisha jiwe lenye jina lako kwa kidole, na akasema bila kuinua kichwa, kwa sauti niliyoisikia mimi tu:

"Babu, koti la kijani la mama si liko humu?"

Nikasema limo.

"Na viatu?"

Navyo.

"Basi huko aliko anavaa nini?"

Nikamwambia wafu hawasikii baridi. Akaendelea kusugua jiwe. Akasema, "Sijauliza habari za wafu."

Hapo ndipo nilipoelewa yale mayowe yalikuwa ya nini. Ana miaka tisa, Suyun. Nilikuua ili yeye asiwe na mzigo, na sasa anaubeba mzigo wote, na anaubeba vizuri kuliko mimi, na hilo linanitisha kuliko kamati na jela. Nilitaka kukuomba msamaha tangu ile mistari saba. Naomba sasa.

Baba yake alikuwa anapanda na ndoo. Sikuwahi kumjibu mtoto. Kila asubuhi ananitazama akisubiri, halafu anakwenda shule. Niambie nimwambie nini. Mzee Kuang anasema kituo cha mpakani sasa wanapekua mpaka magunia, na hii safari ya kuja kwako na kurudi huku ndiyo ya mwisho anayothubutu. Atakungoja siku moja, kisha jibu lako ataliweka kwenye soli ya kiatu. Liwe fupi.

Songnian


Hong Kong, 30 Aprili 1956

Baba,

Bwana Gu amenipa filamu nyingine, nimekataa. Nimepata kazi ya kushona vifungo, chumba kizima hakuna anayesema. Sitasikika tena.

Sina la kukusamehe. Ulimlea.

Wenbin usimwambie chochote, amekwisha kusema yake. Xiaoman mwambie neno moja, mkiwa peke yenu, na baada ya hapo asiulize tena mpaka awe mtu mzima. Mwambie huku hakuna baridi.

Suyun